Mshika Sungura

Jirani yetu hapa Kangemi kazi yake ni kushika sungura kwenye maabara. Wazungu hudondosha dawa mpya ya kuogeshea ng'ombe katika jicho moja la sungura, la pili huachwa hivyo hivyo, na kila asubuhi yeye hufunua kope ili waone jicho limeungua kiasi gani. Amezoea hata ukimsalimu hukutazama jicho moja, halafu la pili, ndipo aitikie. Anaishi peke yake. Watoto wakipita na sungura wao, huingia ndani akafunga mlango.

Tulipokuwa tukipaka nyumba chokaa ya Krismasi, mwanangu Nanyama alirukiwa nayo jichoni. Nikabaki kupiga mayowe, nikijua atapofuka. Jirani akaja na birika la maji, akambana mtoto kichwa kwapani, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akamimina polepole.

"Leta maji mengine, Mama Nanyama."

Mtoto alilia sana. Nikamkemea anyamaze.

"Mwache alie," akasema, bila kuinua macho. "Wale wangu hawaliagi."

Tangu siku ile hupita kwetu kila asubuhi akienda kazini. Husimama mlangoni, akamwinua Nanyama kidevu, akatazama jicho moja, halafu la pili. Wekundu uliisha kitambo.

"Limepona, baba," Nanyama alimwambia leo.

"Najua," akasema, na bado hakukiachilia kile kidevu.