Matairi Meupe Mlangoni

Siku watu wa kijana niliyempenda walipokuja kwetu Mogogosiek kuniposa, niliona boma letu linatia aibu. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na mimi nilikuwa nimewahi kuiona nyumba ya meneja wa shamba la chai: matairi meupe kando ya njia, kila moja limejaa maua. Nikaamua wageni wasidhani wanachukua msichana wa hivi hivi.

Matairi hatukukosa. Baba alikuwa amepasua mawili ya trekta, na ndimo ng'ombe wetu walimolambia chumvi kila jioni. Nikayaburuta mpaka mlangoni, nikayapaka chokaa, nikatia udongo na maua mekundu niliyoomba kwa jirani. Kuyaosha kwanza? Hilo halikunijia.

"Sasa ng'ombe watalamba nini?" baba akauliza.

"Ni siku moja tu, baba. Wavumilie."

"Haya. Waambie wewe mwenyewe."

Wageni waliketi uani, wakamiminiwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Anayeposwa hatokei mpaka aitwe, kwa hiyo nilijibanza jikoni nikichungulia nione nani anayatazama maua yangu. Hakuna. Walikuwa wanatazama mlima wa mashamba ya chai na kuulizana habari za mvua.

Mazungumzo yakaendelea hadi jioni, ng'ombe wakarudi. Wakakuta pahali pao patupu, wakanusa, wakaja moja kwa moja mlangoni kupitia katikati ya viti. Maua yaliisha kwanza. Kisha wakafukua udongo na kulamba tairi mpaka pua zikawa nyeupe.

Shangazi wa kijana akapiga makofi. "Wee! Hapa hata ng'ombe wanajipaka poda!"

Mzee wao hakucheka. "Msichana anayenyima ng'ombe chumvi ili apate maua," akasema, "ndiye tukamwachie ng'ombe zetu?"

Baba akageukia jikoni nilikojificha.

Sikungoja kuitwa. Nilitoka na kopo la chumvi, nikapiga magoti na gauni langu jipya, nikatoa udongo kwa mikono na kumwaga chumvi yote. Ng'ombe mkubwa akanilamba mkono, kisha uso.

"Huyo ng'ombe anamjua," mzee akasema, akakaa vizuri kwenye kiti. "Tuendelee."

Mama akaninong'oneza, "Na nyama nitaitia nini?"

Wageni walikula bila chumvi. Mzee akaomba aongezwe nyama.