Watoto Waliokufa Kila Asubuhi

Posho, ugali wetu, ilikuwa inaungua, harufu imejaa nyumba nzima, nami sikuweza kuinuka. Tate alikuwa amenishika mikono yote miwili, analilia watoto wake wawili ambao nilikuwa nimetoka kumwambia wameuawa. Mmoja wao alikuwa baba yangu. Nilimwambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi alisikia kwa mara ya kwanza.

Tate ndivyo tunavyomwita nyanya, sisi wa Kivu ya Kusini, Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na aliyenipa kazi hiyo ni baba mdogo Ruben, mtoto wake aliyebaki, tuliyeishi naye na mke wake. Jina lake silifichi. Alimpeleka Tate hospitali Mbarara, daktari akaongea na Ruben, Tate amekaa pale pale kwenye benchi kama mzigo. Tulipotoka Ruben akamwambia Tate ni malaria ya kichwa. Mimi akanivuta pembeni: ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, na nikifungua mdomo tutazeekea hapa. Tulikuwa tunangoja kuhojiwa ili tupelekwe ng'ambo, na ofisini mtu akikosea majina ya wafu wake wanasema ni mwongo. Kwa hiyo alinitoa shule nimkaririshe Tate majina hayo. Mlango aliufunga kwa nje, Tate asije akapotea akielekea upande wa Ngarama, nje ya kambi, kutafuta njia ya kwetu. Tukakaa humo wawili, mimi nauliza, yeye analia. Akitulia ananiuliza kichwa chake kina nini. Nasema malaria.

Ruben aliposhikwa na homa, nilimrudisha Tate Mbarara mimi mwenyewe. Nesi mmoja, mama aliyejua Kiswahili kwa kukulia kambi ya jeshi ya Makenke, alichuchumaa mbele yake, akamwuliza kama anataka kujua ugonjwa wake.

"Ni yangu. Munataka kuambia nani?" Tate akasema.

"Mama, ni ugonjwa ya kusahau. Si uchawi, si kosa yako. Dawa ya kumaliza hakuna, lakini sisi tuko."

Tate akanitazama. "Kumbe mulijua." Halafu, polepole: "Basi musiniulize tena batoto. Muache bakuwe bazima."

Nilimfikishia Ruben maneno hayo. Akacheka, akasema tangu lini kichaa anatoa amri. Mlango akaufunga tena, na sasa akawa anauliza mwenyewe, mpaka siku ya kuhojiwa ikapita. Majina ya waliokubaliwa kwenda ng'ambo yalipotoka, Tate alikuwa ameshakufa. Ruben akaondoka na mke wake. Mimi nilibaki.

Leo nakaa mtaa wa Nyamityobora, Mbarara, nina watoto wangu, na mlango wangu mchana uko wazi. Nikimwita mtoto huyu kwa jina la yule, wananitania: mama ameanza. Nami nawaambia, yakinipata, mniambie mimi kwanza kabla ya mtu yeyote. Na wewe Ruben, huko uliko una watoto waliosoma, wakusomee haya. Mama yako aliomba jambo moja tu, akili yake ikiwa timamu. Ulimnyima kwa nini? Nijibu.