Siku Sabdio Alipopelekwa Hotelini Kipini

Sabdio Gollo alikuwa mwanamke wa ng'ombe. Alizaliwa mbugani nyuma ya Garsen, akaolewa hukohuko, akakama maziwa mpaka vidole vikakunjika. Mumewe, mzee Duba, alipofariki, alihamia mjini kwa mwanawe Mohamed, aliyefanya kazi ofisi ya mifugo. Mjini hakupazoea. Kila alfajiri alitoka nje akasimama kutazama mbuga, kana kwamba kuna mtu anayemwita.

Agosti ya mwaka wa tisini na tisa Mohamed alipata likizo. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamepita, ukame ukafuata, naye alikuwa ameshinda wakati wote huo akichanja ng'ombe na kufukia mizoga. Akaazima Land Rover kuukuu ya rafiki yake, akatangaza kwamba familia yote itakwenda Kipini kuona hoteli za zamani, zile zilizojengwa na wazungu kabla ya Uhuru.

"Hoteli?" Sabdio aliuliza. "Kwani nyumbani chai imekwisha?"

Mjukuu wake Ikran, msichana wa kidato cha pili, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Si hoteli ya chai, Bibi. Ya kulala. Watu wanalipa ndio walale."

"Hawana kwao?"

Walitoka asubuhi pamoja na magari mengine, polisi mbele na polisi nyuma, maana barabara ile ya Witu ilikuwa na majambazi. Ubah, mke wa Mohamed, alikuwa amepika mahamri na kujaza chupa mbili za chai ya maziwa, na njia nzima alimrai mama mkwe wake ale, naye mama mkwe alikataa kwa kuwa gari lilimtikisa tumbo.

Hoteli ya kwanza ilikuwa magofu. Paa lilikuwa limeanguka na mbuzi wamelala pale palipokuwa mapokezi. Ikran alikuta beseni la kuogea limejaa mchanga na mche wa mpapai ukiota ndani yake. Walikula mahamri yao kivulini, wakacheka, wakaendelea.

Ya pili ilikuwa bado imesimama juu ya kilima cha mchanga, nyeupe, madirisha yamefungwa. Wageni walikuwa wameacha kuja tangu zile fujo za kabla ya uchaguzi kule Mombasa, na mwenyewe alikuwa ng'ambo. Aliyebaki ni msimamizi, Danson, Mpokomo wa Golbanti, mtu mzima aliyeanza kazi pale akiwa mpishi msaidizi. Alifurahi mno kupata watu wa kuzungumza nao.

"Karibuni, karibuni. Mama, shika mkono wangu, ngazi hii imeoza."

Akawaonyesha vyumba, vitanda vyenye nguzo nne, vichwa vya nyati ukutani. Sabdio alivitazama vile vichwa akauliza nyama ilikwenda wapi. Kisha Danson akafungua ukumbi wa kulia chakula na kusukuma dirisha moja, mwanga ukaingia.

Ikran ndiye aliyetangulia. Wakamsikia akipiga ukelele.

"Baba! Baba, njoo! Huyu ni mimi!"

Ukuta wa mbele ulikuwa na picha moja, kubwa kama mlango, ya rangi nyeusi na nyeupe. Msichana alikuwa amesimama kando ya mto, mtoto mchanga mkononi, nyuma yake feri ya kuvutwa kwa kamba. Paji la uso lilikuwa la Ikran. Macho ya Ikran. Hata ile namna ya kubana midomo ilikuwa yake. Ubah alimtazama binti yake, akaitazama picha, akaweka mkono kinywani. Mohamed alisogea kusoma kibao kidogo kilichopigiliwa chini yake, kilichosema kwa Kiingereza kwamba huyo ni mwanamke wa Kigala na mwanawe, kivuko cha Garsen.

"Kigala!" alisema kwa hasira. "Hilo ni tusi. Sisi ni Waorma."

Hapo ndipo walipogundua kwamba Sabdio amekaa sakafuni. Hakuanguka. Alikuwa amekaa tu, kama mtu aliyeambiwa akae.

"Mama! Una nini? Ubah, maji!"

"Boru," alisema Sabdio.

"Boru gani, Mama?"

"Huyo. Mtoto huyo ni Boru. Mwanangu."

Maisha yake yote Mohamed alikuwa kifungua mimba. Kwa sababu hiyo alikalia kiti cha baba yake, wadogo zake walimpisha mlangoni, na katika mambo ya mifugo neno lake lilikuwa la mwisho.

"Mama, mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe ni wa pili."

Sabdio aliongea polepole, macho yasibanduke ukutani. Surua ilikuwa imeingia mabomani. Mtoto alishikwa na homa, naye akambeba kwa miguu mpaka mtoni, amvushe, ampeleke dispensari. Feri ilikuwa tayari. Kulikuwa na mzungu mwenye sanduku la miguu mitatu, akamwambia mvuta kamba asubiri. Akamsimamisha Sabdio hapa, akamsogeza pale, akangoja wingu lipite. Jua likasogea sana. Walipofika ng'ambo, dispensari ilikuwa imefungwa.

"Alikufa usiku huo mgongoni mwangu," alisema. "Sijui kama angepona. Mungu ndiye ajuaye. Baba yako alisema tusimtaje tena, maana machozi yanakausha maziwa, na wewe ulikuwa umeshaingia tumboni. Sikumtaja. Mpaka uso wake nikausahau, Mohamed. Nilijaribu kuukumbuka, hauji."

Danson alikuwa amevua kofia. "Mama," alisema kwa sauti nyembamba, "mimi nimeifuta vumbi picha hiyo kila asubuhi tangu ujana wangu. Watu walikula hapa chini yake. Walikuwa wakisema mtoto ana macho mazuri."

"Ni homa hiyo," alisema Sabdio.

Mohamed aliruka kuishika fremu aing'oe. Danson alimzuia, wakakabana kidogo, Ubah akilia huku akiwaachanisha. Kisha Danson mwenyewe akaleta ngazi na bisibisi. "Ukiivuta hivyo itapasuka. Ngoja. Mwenyewe akirudi nitamwambia mchwa wameila." Kioo kilipasuka pembeni hata hivyo, lakini ufa haukumfikia mtoto.

Waliifunga kwa leso ya Ubah, wakailaza juu ya viti, Ikran akabanwa sakafuni. Kwenye kizuizi cha barabara polisi alitia kichwa ndani.

"Mmebeba nini hapo?"

"Ndugu yangu," alijibu Mohamed. "Mkubwa wangu."

Polisi akafunua pembe ya leso, akaona uso mdogo, akafunika taratibu na kuwaruhusu kupita.

Juma lilelile Mohamed alichinja dume, Boru akasomewa dua, na mbele ya wadogo zake wote akaeleza kwamba yeye ni wa pili. Kisha akamwomba mama yake amwonyeshe kaburi. Walikwenda wote, Sabdio akitangulia na fimbo, mpaka karibu na kile kivuko cha zamani. Palipokuwa na kaburi palikuwa na maji. Yale mafuriko yalikuwa yameubomoa ukingo wote, na mto ulikuwa unapita hapo sasa, mwekundu, mpana, umebeba magogo.

"Lilikuwa hapa," alisema.

Mohamed alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akainua mikono kuomba, na mama yake akaitikia amina kutoka ukingoni.