Bomba la Watu Wawili

Nilipojifunza kuendesha winchi pale Bunda, hatukuanzia kwenye winchi zenyewe. Tuliketishwa kwenye viti vyenye vishikio, tukavalishwa miwani mizito ya kompyuta. Ndani yake tuliona mtaro, bomba refu, na mtu wa kuchorwa mwenye kofia ya njano. Kazi ilikuwa kulaza bomba mtaroni bila kumgusa.

Peke yangu niliweza, polepole. Aliyenizidi alikuwa baba mdogo wa mke wangu, mvuvi wa Mugango aliyechoshwa na ziwa. Alikuwa anakaribia hamsini, na kampuni ya mabomba haikuchukua mtu akishafika umri huo. Hakuwa na mwaka mwingine.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa wa wawili, winchi mbili, kila mtu na ncha yake ya bomba. Mwalimu, mgeni wa kutoka Dar, alitupanga pamoja kwa sababu tulikuwa wazuri.

"Ongeeni tu. Shusha, simama, rudi. Basi."

Kwetu mkwe haamriwi. Njiani nikimwona, nilikuwa naingia majanini apite. Kuomba nibadilishiwe mwenzi kungekuwa kumkataa mbele za watu. Tukaanza kimya.

"Hao wamenuniana kama wake wenza!" mtu akapaza sauti nyuma, wenzake wakacheka.

Ncha yake ikaanza kumshukia yule wa kofia. Ukuta wa mtaro ulimzuia mkwe asione, mimi niliona. "Simama" moja ingetosha. Nikakohoa, kama tunavyokohoa kumjulisha mkwe kwamba tupo. Akadhani namwambia niko tayari. Akashusha.

Miwani ikawa nyekundu.

"Mmeua," mwalimu akasema. "Mmefeli wote."

Nje mkwe aliniuliza bila kunitazama, "Ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Peke yangu nilikuwaga napita," alisema. Akapanda gari la kwenda Musoma.

Mwaka uliofuata nilirudia, nikapangwa na kijana wa Kibara. Tulifokeana mwanzo hadi mwisho, nikapita. Tangu hapo nimezunguka na winchi mikoa mingi.

Mke wangu nilimwambia kwamba siku tuliyofeli mashine zilikuwa mbovu. Tulipokwenda kumsalimia huyo baba yake mdogo, tulimkuta anashona nyavu zilezile alizokuwa ameapa kuziacha. Mke wangu akamuuliza ilikuwaje.

"Mashine zilikuwa mbovu, mwanangu," alijibu, akaendelea kushona.