Ukuta wa Magwangala Mchangani

Nilijenga ukuta ufukweni ili ziwa lisinifikie mlangoni, na huo ndio upumbavu mkubwa kuliko wote nilioufanya nikiwa na akili timamu na cheti cha kidato cha nne. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Geita wanashuka mashimoni kutafuta dhahabu. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kiti cha barazani. Kwa hiyo ziwa lilipojaa na maji yakaanza kulowesha ngazi, niliona nimevamiwa. Nikaagiza lori la magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodini, mafundi wakayapanga wima hadi kimo cha kifua.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akianika dagaa kwenye mchanga uliopakana na wangu, alikuja kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajenga zizi?"

"Nazuia ziwa."

Alicheka mpaka akashika kiuno.

Kabla ya hapo sikuwahi kulitazama wimbi sawasawa. Lilikuwa likipanda mteremko wa mchanga, linapungua, maji mengine yanazama chini, na kinachorudi ni kidogo, kimechoka. Kwenye ukuta halikuchoka. Liligonga, likarudi na nguvu zake, likakutana na jingine linalokuja, yote mawili yakainuka na kuanguka palepale, yakichimba. Mchanga wa chini ya ukuta ukaenda. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeujenga mshazari ili kuokoa mpapai wangu, mawimbi yakawa yanatupwa pembeni, kwa mama.

Masika yalipoisha, uwanja wake wa dagaa ulikuwa kokoto na maji ya magotini. Mimi barazani kwangu nilikaa pakavu kabisa, kama mfalme mjinga.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikamweleza habari za mteremko na mawimbi yanayorudishwa, utadhani nasahihisha mtihani. Nikasema nitabomoa, mchanga utarudi.

"Utarudi lini?"

Alikuwa anakunja turubai, vyungu vimeshafungwa kamba. Hakuinua hata macho.

"Usinisomeshe mawimbi, mwanangu. Naenda Kharumwa kwa binti yangu, kulima mashamba ya watu na umri huu, na aliyenipeleka ni wewe."