Nilibaki Kuvuna Zabibu

"Lakini mama yako yuko hai, au hayuko?"

Niliulizwa swali hilo jikoni kwa watu, huko Italia, nikiwa na makasi ya kukatia zabibu mkononi, na sikuweza kulijibu. Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu! Mimi niliyewauliza wahadhiri maswali mpaka wakachoka, wakaniambia nikae chini! Jibu lilikuwa karibu nami kama ile simu iliyotundikwa ukutani. Sikuiinua.

Nimekosa, ndugu zangu. Sitafuti mtu wa kunitetea. Naandika kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani, wiki hii, ameambiwa arudi nyumbani, naye anajifanya mjanja kama nilivyojifanya mimi.

Nianze na machungwa, maana bila hayo hamtanielewa.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni si mbali na Homa Bay, baba mdogo alipokuja kunichukua. Yeye ni ndugu yake baba, ana duka la vifaa vya ujenzi Migori. Huniita Dani, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Dani," akasema, "baba yako amelazwa. Anakuulizia."

Nikamwomba tusimame sokoni nimnunulie baba machungwa. Akasimama. Akaniacha nichague moja moja, nabonyeza, nanusa, natafuta matamu. Tulipofika nyumbani Rusinga nilisikia vilio kabla sijaona boma. Baba alikuwa amekufa tangu juzi yake! Dereva wa gari lililotuleta alijua. Mwalimu mkuu alijua. Ni mimi peke yangu niliyeshuka garini na machungwa ya kumpelekea maiti.

Kwetu ndivyo ilivyo. Habari ya kifo hatupiwi mtu akiwa mbali na peke yake. Anaambiwa kuna ugonjwa, anaitwa, anasogezwa nyumbani taratibu, ndipo aambiwe akiwa mikononi mwa watu wake. Leo naiona huruma iliyomo. Wakati ule niliona uongo mtupu. Niliyatupa yale machungwa nyuma ya jikoni nikaapa kwamba hakuna mtu atakayenidanganya tena maishani.

Kiapo hicho nilikwenda nacho chuo kikuu nikakiita akili.

Miaka ya tisini ilipoanza nilipata nafasi ya kusoma Italia kwa mwaka mmoja, mambo ya kuhifadhi vyakula. Mwanafunzi mwenzangu, Chiara, akanialika kwao mashambani wakati wa mavuno. Kwao ni watu wa mvinyo. Shamba la zabibu liko mlimani, ghala la mapipa liko chini ya nyumba, na kazi yote hufanywa na jamaa wenyewe: babake, mamake, yeye, na mgeni yeyote aliyekula mezani mwao.

Mama yangu alikuwa Msabato wa kweli, muuza samaki wakavu soko la Homa Bay, mtu ambaye hajawahi kulamba hata povu la busaa. Ningemwambiaje kwamba nakwenda kutengeneza pombe? Nilipompata kwa simu ya dukani kwa baba mdogo, nilimwambia nakwenda kusaidia kwenye shamba la matunda, nikaacha na namba ya simu ya huko.

"Matunda gani?"

"Madogo madogo, mama. Yanapanda juu ya waya."

"Basi uniletee mbegu," akasema. "Picha za majumba yao kaa nazo. Mimi niletee mbegu."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake.

Na nilipapenda kule, nisiwafiche! Asubuhi tulipanda mlimani na kreti, tukakata mashada, nyigu wakitufuata mstari kwa mstari. Vidole viligeuka vyeusi kwa juisi na sabuni haikufua dafu. Ghalani kulikuwa na harufu ya kitu kinachochacha, tamu na kali, iliyonikumbusha zile nyumba za majirani ambazo mama alitukataza kupita karibu nazo. Mzee, babake Chiara, alinitania kila siku.

"Mwangalieni huyu! Hakati zabibu, anazihoji. Kila shada analigeuza aone linaficha nini."

"Na zimekiri?" Chiara akauliza.

"Bado. Ila moja imeanza kulia."

Tukacheka mpaka Mama Chiara akatupigia kelele kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa.

Simu ilikuja wakati kama huo, tukila mchana. Chiara akaipokea, akanigeukia haraka. "Ni kwenu!"

Laini ilikuwa inakwaruza kama redio mbovu.

"Dani?"

"Ndiyo, baba."

"Unanisikia? Mama yako ni mgonjwa. Tumemleta hapa kwangu Migori, awe karibu na hospitali."

Pale pale nikasikia harufu ya machungwa. Naapa niliisikia.

"Mgonjwa wa nini?"

"Ni tumbo. Lakini sikiza kwanza, Dani. Ngoja nikupe..."

Nikamkata. "Baba mdogo, mimi si yule mtoto wa machungwa. Nimeelewa. Nimeelewa yote." Nikairudisha simu ukutani.

Nikarudi mezani nikaketi. Nikawaambia, "Mama amekufa."

Mama Chiara akajishika kifua. Chiara akanitazama. "Amekuambia hivyo?"

"Hajaniambia. Kwetu hawasemi kwa simu. Wanasema mgonjwa."

"Na kama kweli ni mgonjwa?"

"Hata baba walisema ni mgonjwa."

Ndipo Mama Chiara akauliza swali lile, polepole, ili nimwelewe kwa Kiitaliano changu cha kubahatisha. Yuko hai, au hayuko? Nikachezea makasi.

"Piga simu uulize," akasema.

"Watanidanganya."

"Basi ondoka kesho. Tutaibadilisha hiyo tiketi."

"Na mavuno? Mlima wote wa juu haujaguswa na mvua inakuja."

"Zabibu ni zetu," akasema yule mama. "Mama ni wako."

Nilichomjibu kinanichoma mpaka leo. Nilisema, "Kwetu maiti hungoja. Atawekwa mochari, na wao watakaa wiki wakibishana ng'ombe wa nani achinjwe. Nitamkuta." Nilimwomba Chiara amtafsirie. Akakataa. Nikatafsiri mwenyewe.

Kwa nini nilibaki? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halinipendezi. Sikubaki kwa ajili ya zabibu za watu. Nilibaki ili niwaadhibu. Niliwaona akilini watu wa kwetu wamejipanga langoni wakinisubiri nifike na matunda yangu, wanitazame uso unavyobadilika. Nikasema safari hii hawatanipata! Nitalia huku huku, nimalize, halafu nifike nyumbani na macho makavu.

Na kweli nililia. Nilimlilia mama kwenye mistari ya mizabibu, makasi yakiendelea kukata, nikimaliza mti huu naenda kwa ule. Nilimwomboleza kikamilifu.

Baba mdogo akapiga tena. Chiara alipanda mlima mbio, akafika anahema.

"Anasema ni lazima uongee naye. Yuko kwenye laini, anangoja!"

"Mwambie nimesikia."

"Niambie mimi nimwambie nini zaidi ya hapo. Huyo mzee anasihi!"

"Chiara, mwambie nimesikia na nitakuja mavuno yakiisha."

Akapiga mara ya tatu. Hiyo sikuitwa hata kidogo. Mama Chiara alijibu mwenyewe, hawakuelewana lugha, nikamwona kupitia dirisha anatikisa kichwa huku ameishika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa hatua chache tu. Nikainama nikabeba kreti.

Mvua ikatuonea huruma, ikachelewa. Siku tuliyomaliza, Mzee alituita ghalani sote. Ni desturi yao: kabla ya kunywa mvinyo wa mwaka uliopita kusherehekea mavuno, huwataja marehemu wa ukoo, na kila mmoja humwagiwa tone sakafuni. Alimtaja babake, akamtaja dada yake. Kisha akanigeukia.

"Mama aliitwa nani?"

"Dorka," nikasema.

"Dorka," akarudia kwa heshima, akamwaga tone chini.

Mama Chiara hakumwaga. Alinitazama, akaweka glasi yake juu ya pipa, akapanda ngazi kwenda zake. Nikajiambia amechoka.

Nilisafiri na mbegu za zabibu ndani ya leso. Nilipanga kuzifukia kaburini kwake, maana aliziomba.

Nilifika Migori asubuhi. Duka la baba mdogo lilikuwa limefunguliwa mlango mmoja tu. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, hana viatu. Mke wake, mama mdogo, alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani. Nilikuwa nimejiandaa. Macho makavu, sauti kavu. Sikusalimu.

"Mazishi ni lini?" nikauliza.

Baba mdogo akainua kichwa taratibu.

"Dani. Wewe umejua aje?"

"Nilijua tangu siku ile uliponipigia."

"Siku gani hiyo?" akasema. "Amekufa jana asubuhi. Hata watu wa Rusinga bado hatujawafikishia habari. Nani amekuambia?"

Yawa! Ndugu zangu! Nilikaa chini kwenye vumbi la simiti.

"Jana?" nikasema. "Jana gani?"

"Jana hii," mama mdogo akadakia, na sauti yake haikuwa na huruma yoyote. "Kila gari likisimama hapo nje alikuwa anauliza kama ni wewe. Tukimwambia ni mteja wa mabati, anasema basi ni lile linalofuata. Ulikuwa wapi, wewe msichana? Ulikuwa unavuna nini kisichoweza kungoja?"

"Wacha mtoto," baba mdogo akamwambia.

"Nimwache aje? Si tulimwacha huko Ulaya? Tulimwacha kabisa!"

Nililia? Sikuweza. Machozi ya mama nilikuwa nimeyamaliza kwenye mlima wa watu, yeye akiwa hai! Tulipompeleka Rusinga, wanawake walinizunguka wakilia, mimi nikasimama mkavu kama nilivyokusudia. Wakasema kusoma kumemharibu. Mbegu nilizifukia kando ya kaburi. Hazikuota.

Chiara aliniandikia. Sikumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba tone lile Mzee alimmwagia mwanamke aliyekuwa amelala Migori akisikiliza magari? Kazi niliyosomea niliiacha, kwa sababu kila chumba chenye kitu kinachochacha kinanirudisha ghalani. Niliposwa na mtu mwema, nikamhoji mpaka akakimbia. Nahoji kila kitu bado, ila sasa najua kuna swali moja nililikimbia, na lilikuwa ndilo la pekee lililokuwa na haja ya kuulizwa.

Wewe uliye mbali, nisikie. Ukiambiwa mtu wako ni mgonjwa, usikae ukafasiri. Usiwe hakimu wa watu wa kwenu. Waliwahi kukuficha? Sawa, wakasirikie, lakini uwakasirikie ukiwa njiani unakuja! Omba upewe huyo mgonjwa kwenye simu. Ukidanganywa, utakuwa umefika bure na machungwa yako. Aibu ya machungwa inaisha. Hii yangu haiishi.

Nilidhani nimeujua uchungu wangu wote. Kumbe kwa mara nyingine walikuwa wamenificha, na mara hii niliwaelewa. Mwaka jana nilikwenda kumsaidia mama mdogo kupanga duka, baba mdogo akiwa hajiwezi. Mama mdogo alinionyesha mifuko ya simiti chini ya ile simu ya zamani, akasema. Siku ile ya kwanza mama alikuwa ameketi pale, juu ya mifuko, amevaa gauni lake la Sabato, maana alisema hawezi kuongea na Ulaya akiwa na nguo ya kulalia. Baba mdogo aliposema "ngoja nikupe," mama alikuwa tayari amenyoosha mkono.