Zeituni Zilizolala Kwenye Maziwa

Nyamburi Wanzagi, ambaye karibu kila mtu pale Musoma alimwita Mama Burito, alianza kumwonea wivu Clementi siku alipomwona akifungua kopo la zeituni. Na wivu wenyewe, jamani, haukuwa wa mchezo. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki ningu, akila haushuki, akinywa maji ndiyo kwanza unazama.

Wote wawili walikuwa wapishi katika hoteli ndogo ya kando ya ziwa. Nyamburi aliingia pale kabla ya Uhuru, akaanza kwa kusugua masufuria mpaka akapewa jiko. Clementi alikuja juzijuzi tu, mwaka ule wa Azimio la Arusha, baada ya shamba la mkonge la Mgiriki aliyekuwa akimpikia huko Tanga kuchukuliwa na Serikali. Mpishi mkuu wao alikuwa ameacha kazi, amerudi kwao Butiama kulima, na meneja wao, Ndugu Werema, alishasema waziwazi: "Hawa wageni waliotoka Serengeti kabla hawajaondoka, nitamtaja mpishi mkuu. Nawaangalia wote."

Wageni walikuwa Wataliani, wamejaa kwenye Landrova mbili, na dereva wao Danford ndiye aliyekuwa akiwatafsiria. Walikuja na masanduku, na masanduku hayo hayakuwa na nguo. Zeituni tupu! Za kijani, nyeusi, za kopo, za chupa, na madebe ya mafuta yake. Asubuhi walizila na mkate, mchana na nyanya, jioni wakikaa barazani na bia zao ni zeituni tena. Hata wakienda kutazama ziwa walikwenda nazo mfukoni, na mfagiaji alishinda akiokota kokwa chini ya viti.

Nyamburi alizijua zeituni kwa kuzisikia kanisani. Kwenye Biblia kuna Mlima wa Mizeituni, na kuna mafuta wanayopakwa wafalme kichwani. Leo anaona mtu mzima na akili zake anatema kokwa kwenye kisahani cha majivu ya sigara! Hilo angelivumilia. Lililomuuma ni samli yake. Mama yake alimletea kutoka Kiabakari, samli safi ya ng'ombe wa nyumbani, ile ambayo kwao huwekewa mgeni wa heshima. Aliiweka mezani kwa mikono miwili. Wageni wakainusa, wakaisukuma pembeni, wakajimiminia mafuta yao ya zeituni juu ya viazi alivyovichemsha yeye.

Halafu anakuja Clementi na bakuli lake, amekunja taulo begani, na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, ambaye wenzake wote walimnyenyekea, anampigapiga mkono. "Bravo, Clementi!" Bravo ya nini? Kufungua kopo? Nyamburi alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni akasonya mpaka mfagiaji akamuuliza kama anaumwa jino.

"Huyo hapikagi," alimjibu. "Anamimina tu. Na mimi nikimimina nitaitwa mpishi?"

Siku mbili kabla ya wageni kuondoka, Clementi alitumwa Bunda kununua kuku wa chakula cha kuwaaga. Alipokuwa akitoka akamwambia, "Mama Burito, zeituni zilizobaki ziko kabatini. Nisiporudi leo, kesho mchana zimimine kwenye bakuli, basi. Usizifanye kitu chochote."

Usizifanye kitu! Yeye, aliyeivisha ugali wa wageni pale wakati Clementi hajajua hata Musoma iko wapi! Basi jioni, alipopata habari kwamba Clementi amekosa basi na atalala hukohuko Bunda, Nyamburi alifungua kabati, akatia zeituni moja mdomoni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Akaitema. Chungu! Na chumvi kama ya kulambisha ng'ombe.

"Yesu wangu," akasema, na moyo ukamruka kwa furaha. "Kumbe hazijaiva! Huyu mvivu anawalisha watu wa watu vitu vibichi siku zote hizi!"

Dawa ya kitu kichungu aliijua tangu yuko msichana. Mgagani, ile mboga ya majani, nao ni mchungu, lakini nani anaula hivihivi? Unauchemsha, unamwaga maji, unauchemsha tena, halafu unaulaza kwenye maziwa mpaka kesho yake. Akazitoa zeituni kokwa, akazichemsha pamoja na mgagani, akamwaga ule uchungu wote, akavilaza kwenye chungu cha maziwa. Kesho yake akabandika chungu jikoni, akaunga kwa ile samli waliyoidharau. Alipokuwa akipakua alikuwa anaimba.

Bibi mwenye nywele nyeupe alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akaacha kutafuna. Akavua miwani. Akauliza neno kwa sauti nzito, bila kucheka hata kidogo.

"Anauliza nani amepika hiki," Danford akasema.

Werema akageuka, macho makali. Nyamburi akauficha mwiko nyuma ya mgongo. Ameharibu mali ya wageni, tena ya mwisho, tena alikatazwa! Wakati huohuo Clementi akatokea mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, kuku wananing'inia mkononi.

"Ni Clementi," Nyamburi akasema haraka. "Zeituni zote ni za Clementi."

Bibi akasimama. Akamwendea Clementi, akamshika uso kwa mikono yake yote miwili, na machozi yakamtoka.

"Anasema mama yake alikuwa anampikia majani machungu yenye ladha hii hii," Danford akatafsiri. "Tangu mama yake afe, hajawahi kuipata mahali popote. Anasema safari yote hii amekula zeituni kwa mazoea tu. Leo ndiyo amekula chakula."

Clementi alimtazama bibi, akatazama bakuli, akamtazama Nyamburi. Kisha akainamisha kichwa na kusema, "Asante, mama." Alikubali, mshenzi yule! Werema akapiga makofi. "Ndugu zangu, sina haja ya kungoja zaidi. Mpishi mkuu ni Clementi."

Nyamburi alirudi jikoni. Angesema nini, na mdomo wake mwenyewe ndio uliotoa jina? Akachukua vitunguu, akavikata kwa hasira, akalia bila kujificha.

Clementi akamfuata. Aliinama juu ya chungu, akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena.

"Mama Burito," akasema kwa sauti ya chini, "bibi anataka tena jioni. Hebu niambie, uliweka nini humu?"

Nyamburi hakuinua macho.

"Kamuulize mpishi mkuu."